Santuri za Mjapani ni adimu, zetu je?

Mitihani inanukia, najua wengi mmezama kwenye madesa, lakini kuna dukuduku lazima nilitoe. Leo naongelea disko. Sio ile ya chuo, ya kudisko halafu unarudi kwa mama na begi lako! Nasema disko ya muziki, na jazi na roki humo humo, ile iliyochapwa kwenye santuri huko Japani miaka ya 70 na 80.

Hapa hosteli ugonjwa huo umeingia. Ukipita koridoni usiku unakutana na Mariya Takeuchi na "Plastic Love" yake ya mwaka 1984, wimbo ambao YouTube iliusambaza kwa vijana wa dunia nzima zaidi ya miaka 30 baadaye. Mshkaji wangu wa chumba cha pili anamjua Ryo Fukui, mpiga piano aliyetoa albamu ya Scenery mwaka 1976, na kila wiki anachungulia Discogs kuona nakala ya kwanza inauzwaje. Boom lenyewe halimtoshi hata chips! Sasa muulize babu yake kule Rungwe alikuwa na santuri gani. Hajui. Hapo ndipo ninapogombana naye.

Msimamo wangu ni huu: kuna kitu adimu na kuna kitu kilichopotea, na watu wanavichanganya. Kitu adimu kipo, ila kwa wachache. Kilichopotea hakuna anayekijua. Santuri za Mjapani ni adimu. Za kwetu ziko njiani kupotea, na wa kuzuia hilo ni sisi, sio mzungu wala serikali.

Za Mjapani zinasifiwa kwa nini? Hakuna uchawi. Zilichapwa vizuri, zikavikwa jalada lenye utepe wa karatasi unaoitwa obi, na mara nyingi ndani kuna karatasi yenye maneno ya wimbo na majina ya waliopiga. Wanunuzi wakavitunza vyote, mpaka huo utepe. Halafu kuna vile vikahawa vyao vya jazi, vilivyoanza hata kabla ya Vita Kuu ya Pili. Santuri za nje zilikuwa ghali, basi mwenye mgahawa ananunua, wewe unalipia kikombe cha kahawa, unakaa unasikiliza. Mmoja ananunua, mtaa mzima unasikia.

Na msidhani Japani haituhusu. Mwaka 1970 Morogoro Jazz, Mbaraka Mwinshehe akiwa kwenye solo, walikwenda Osaka kupiga kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Wajapani walimsikia Mbaraka mubashara kabla wengi wetu wazazi wetu hawajazaliwa! Lakini leo wanafunzi wangapi hapa Iringa wamewahi kushika santuri ya Morogoro Jazz mkononi?

Uchache wetu una sababu zake. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilichapwa Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika, mpaka na Kenya ukafungwa, ukaja kufunguliwa 1983. Wakati huo huo kaseti zikaingia kwa kasi. Bendi zikabaki kutegemea kanda za Radio Tanzania. Hata Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha hapa hapa Iringa, wale wa mapacha Kasaloo na Kyanga, ilitikisa nchi miaka ya 80 kupitia redio. Kwa hiyo santuri zilizopo ndizo hizo hizo. Haziongezeki, zinapungua.

Tena zile ndogo za mizunguko 45, upande mmoja unabeba dakika nne hivi. Dansi haiishi kwa dakika nne jamani! Ikabidi wimbo ukatwe: sehemu ya kwanza upande A, ya pili upande B, na mara nyingi huko B ndiko magitaa yanakochemka. Upande B ukichubuka, umebaki na nusu ya wimbo.

Kutunza kunalipa? Vukeni Tunduma muone. Zambia ya miaka ya 70 ilikuwa na roki yake, Zamrock, na bendi kama WITCH na Amanaz. Baadaye muziki ule ukafifia, na mwimbaji wa WITCH, Jagari Chanda, akaishia kuchimba vito. Lakini nakala zilibaki kwa watu, zikachapwa upya nje, dunia ikashtuka. Mzee akarudi jukwaani, akazunguka Ulaya na Marekani, na mwaka 2023 bendi ikatoa albamu mpya, Zango. Santuri zingeisha zote, mzee angerudi jukwaani na nini?

Sasa kwetu. Mjomba wangu Uyole aliuza boksi zima kwa mnunuzi mpita njia kwa bei ya debe la viazi. Wengi wakisikia hivyo wanasema mnunuzi ni mwizi. Mimi nakataa. Kinachoniuma ni kwamba hakuna aliyeandika hata jina moja la wimbo. Boksi lingeweza kwenda Tokyo, sawa, ila sisi tungejua nini kimekwenda.

Mfano upo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi ngoma na ala za makabila, Wahehe na ligombo lao wakiwemo. Rekodi zake ziko Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki iliyopo Chuo Kikuu cha Rhodes. Ziko mbali, lakini zimeandikwa mpigaji, kabila na mahali. Sauti yenye jina inaweza kudaiwa, inaweza kurudi. Isiyo na jina utaidai vipi?

Wapo watakaosema, "Si zote zipo YouTube?" Hapana. Zilizopo zimewekwa na mtu aliyekuwa na nakala. Ile iliyo chini ya uvungu Makambako haijajiweka yenyewe. Wengine watasema wazee wana shida ya hela. Kweli kabisa, wauze! Ila kabla ya kuuza fanyeni mambo matatu. Piga picha lebo pande zote mbili, na namba yake isomeke. Nakili sauti, hata kama ni kwa simu mbele ya spika ya pleya ya kuazima. Andika nani aliinunua, wapi, na ilipigwa kwenye shughuli gani. Halafu angalia Discogs inauzwaje, ndiyo mpatane bei. Zile unazobaki nazo zisimamishe wima, mbali na jua na unyevu. Wa Tukuyu mnanielewa, mvua ya kule ikianza hata viatu vinaota ukungu!

Na hapa Iringa tuna Boma la Mjerumani, ambalo tangu 2016 ni makumbusho. Ningependa wanafunzi tuombe hapo jioni moja kila mwezi, pleya moja, spika mbili, kila mtu aje na santuri ya kwao. Wajapani walianza na kahawa. Sisi kahawa ya Mbozi ipo, chai ya Mufindi ipo. Tunangoja nini?

Mshkaji wangu wa Ryo Fukui simkatazi, ladha anayo. Ila likizo hii, kabla hajaomba nauli ya kurudi chuo, aulize kwanza: "Babu, zile santuri ziko wapi?" Nanyi wengine hivyo hivyo. Mkizipata, leteni majina hapa.

Nawasilisha.