Simu sasa yasoma injini, lakini hukumu bado ni ya fundi

KWA miaka mingi mwenye gari wa Mkomaindo, mjini Masasi, alikuwa na njia moja tu ya kujua kwa nini taa ya njano yenye umbo la injini imewaka kwenye dashibodi. Alilipeleka gari gereji, akamsikiliza fundi, kisha akalipa. Fundi akitaja kipuri, mwenye gari hakuwa na hoja ya kumpinga.

Hali hiyo imeanza kubadilika. Adapta ndogo inayoenea kiganjani huchomekwa kwenye tundu lililo chini ya usukani, ikaunganishwa na simu kwa Bluetooth au Wi-Fi. Programu kama Torque au Car Scanner huonyesha joto la maji ya injini, mizunguko yake kwa dakika, na namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imezihifadhi.

Kwa mara ya kwanza, mwenye gari anaweza kuingia gereji akiwa na taarifa zake mkononi. Linalobaki ni kujua kama taarifa hizo zitamwokolea fedha au zitamwongezea hasara.

Jambo hilo lina uzito wa pekee kwa wakazi wa Masasi na Newala. Masasi ni njia panda ya barabara za Mtwara, Lindi, Tunduru, Newala, na ile iendayo Daraja la Umoja, lililofunguliwa mwaka 2010 kuunganisha Tanzania na Msumbiji. Magari ni mengi, lakini kipuri kisichopatikana mjini huagizwa Dar es Salaam, umbali wa zaidi ya kilometa 500.

Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Kusini katika eneo la Kilwa, wasafiri na mizigo vilikwama. Katika mazingira hayo, kipuri kilichoagizwa kimakosa ni fedha iliyopotea pamoja na siku za kazi zisizorudi, hasa msimu wa korosho ambapo kila gari linatakiwa barabarani.

Tundu hilo la pini 16 lina historia yake. Marekani ilitaka kila gari dogo jipya liwe nalo kuanzia magari ya mwaka 1996, lengo kuu likiwa kudhibiti moshi unaochafua hewa. Ulaya ilifuata kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Ndiyo maana namba nyingi za hitilafu huanzia kwenye mambo ya uchomaji wa mafuta na moshi.

Adapta zenyewe zilirahisishwa na chipu ya ELM327 ya kampuni ya Elm Electronics ya Canada. Toleo la kwanza la chipu hiyo halikuwa na kinga dhidi ya kunakiliwa, na viwanda vingine vikainakili. Kampuni hiyo ilifunga shughuli zake mwaka 2022, lakini nakala zimejaa sokoni kwa bei nafuu. Baadhi hutangazwa kuwa matoleo mapya zaidi huku zikishindwa kutekeleza amri ambazo chipu halisi ilizitekeleza.

Hapo ndipo mnunuzi wa kwanza hukwama. Magari mengi yanayotembea nchini yalitengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japan, ambako sharti la kutumia lugha moja ya mawasiliano lilichelewa. Gari la miaka ya mwanzo ya 2000 linaweza kuwa na tundu la umbo lilelile, lakini kompyuta yake ikazungumza lugha ya kiwandani ambayo programu ya kawaida haiifahamu. Mwenye gari hudhani adapta ni mbovu au gari limeharibika, kumbe viwili hivyo havielewani tu.

Yapo pia magari yasiyo na cha kusoma. Land Cruiser zenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambazo kwa miaka mingi zimetumika kubeba wagonjwa na watumishi wa umma vijijini, hupeleka mafuta kwa pampu isiyoendeshwa na kompyuta. Kwa injini hiyo, sikio na mkono wa fundi ndizo mashine za kupimia.

Pale mawasiliano yanapokubali, hatari kubwa zaidi huanza. Mathalani, simu inaonyesha namba P0171. Maana yake ni kwamba kompyuta imeona hewa ni nyingi kuliko mafuta katika mchanganyiko unaochomwa, kwa upande wa kwanza wa injini. Kwa kuwa anayepima hali hiyo ni sensa ya oksijeni kwenye bomba la moshi, wengi hukimbilia kununua sensa mpya.

Huko ni kumwadhibu shahidi kwa kosa la mwingine. Chanzo kinaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, sensa ya hewa iliyoshika vumbi, au pampu ya mafuta iliyochoka. Kwa gari linalopita barabara za vumbi za uwanda wa Makonde, kuanza na chujio la hewa na sensa iliyo jirani nalo ni busara inayogharimu muda mfupi tu.

Programu hizo zina msaada mwingine usiotumiwa vya kutosha. Huonyesha asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza ili kurekebisha mchanganyiko. Asilimia hiyo ikiwa kubwa injini inaponguruma bila kwenda, kisha ikashuka mizunguko inapoongezwa hadi kama 2,500 kwa dakika, dalili inaelekeza kwenye hewa inayovuja kuingia. Ikipanda kadiri gari linavyobebeshwa mzigo, mashaka yahamie kwenye pampu, chujio la mafuta au sensa ya hewa.

Joto la maji nalo ni somo la mlimani. Baadhi ya magari madogo ya Kijapani hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu injini ikiwa baridi na nyekundu mambo yakiwa yameharibika. Kati ya taa hizo mbili dereva hajui lolote. Anayepandisha kutoka Masasi kwenda Newala akiwa na abiria na mizigo hunufaika kuona nyuzi zikipanda kabla ya taa nyekundu kuwaka.

Hata hivyo, kama maji yote yamekwisha vuja, sensa hubaki ikipima hewa na inaweza kutoa namba ya uongo. Simu haijaondoa wajibu wa kufunua boneti asubuhi, injini ikiwa baridi, na kutazama maji.

Namba nyingine inayoleta gharama ni P0420, inayosema kuwa kichujio cha moshi, ambacho mafundi huita masega, hakifanyi kazi ipasavyo. Wapo wanaoshauri masega yatolewe kabisa. Lakini masega mara nyingi huharibiwa na tatizo lililotangulia, kama plagi isiyochoma vizuri au injini inayokula oili. Kuyatoa huacha ugonjwa ndani ya injini na moshi mchafu mitaani, na taa yenyewe kwa kawaida haizimiki.

Ndipo hujitokeza kishawishi cha kitufe cha kufuta. Kwa kugusa simu mara moja, namba zote hufutika na taa huzimika. Gari likiwa sokoni, kitufe hicho huwa silaha ya muuzaji asiye mwaminifu. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Katika biashara ya magari anayeumbuliwa ni mnunuzi.

Lakini ufutaji huacha alama. Kompyuta huanza upya majaribio yake ya ndani, na programu huonyesha kuwa hayajakamilika. Magari mengi yanayofuata kiwango hicho huhifadhi pia umbali uliosafiriwa tangu namba zifutwe. Muuzaji anayeapa kuwa injini haijawahi kusumbua, huku simu ikionyesha kilometa 12 tu tangu ufutaji, anapaswa kuulizwa maswali. Huenda betri ilichomolewa kwa sababu ya haki, lakini maelezo yatolewe kabla ya fedha kubadilisha mikono.

Usalama nao usipuuzwe. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kuwa kifaa kilichochomekwa kwenye tundu hilo na kuunganishwa na mtandao wa simu kingeweza kutumiwa kuingilia breki za gari aina ya Corvette kwa ujumbe mfupi. Adapta za bei nafuu za Bluetooth hazifiki mbali kiasi hicho, lakini nyingi hutumia namba ya siri inayojulikana na kila mtu, na zikiachwa zimechomekwa zinaweza kumaliza betri. Kupima kukiisha, adapta ichomolewe. Gari likitembea, anayesoma simu awe abiria.

Yote hayo yanarudisha hoja kwa fundi. Namba ya hitilafu ni ushahidi wa awali. Hukumu huhitaji mtu anayejua kupima waya, kukagua mpira wa hewa na kulinganisha vipimo. Fundi anayemfukuza mteja kwa sababu amekuja na simu anapoteza msaidizi, na mteja anayemlazimisha fundi abadilishe kipuri kilichotajwa na simu anajiingiza mwenyewe katika hasara.

Wajibu upo pia kwa VETA na vyuo vya maendeleo ya wananchi. Gereji nyingi za mitaani huendeshwa na vijana waliojifunza kwa kumtazama fundi mkubwa, naye aliyajua magari yasiyo na kompyuta. Kozi fupi ya kusoma vipimo hivi, ikitolewa kwa wale walio tayari kazini, ingewafaa kuliko kuwaachia wabahatishe.

Kwa sasa, mwenye gari anaweza kuanza na jambo dogo lisilo na gharama: aandike namba na vipimo kabla ya kufuta chochote, ampelekee fundi, na amuulize ni kipimo gani kitathibitisha kuwa kipuri hicho ndicho kibovu. Fundi mwenye jibu la swali hilo anastahili malipo yake.