Agosti ikifika, msikimbilie jina kubwa

Kila mwaka ni kosa lile lile. Ligi ya Uingereza inakaribia kuanza, vijana wa Bunia wanakaa kwenye benchi mahali pa kuchaji simu, iwe Mudzi-Pela, Lumumba au Nyakasanza, wanagawana wachezaji kwa ajili ya mchezo wa fantasi. Aliyepata zamu ya kwanza anataja jina ambalo hata bibi yake analijua. Wenzake wanapiga kelele za wivu. Ikifika Desemba yuko mkiani, na anasema ni bahati mbaya.

Bahati haina kosa hapo. Alichagua vibaya, na dalili zote zilikuwa mbele ya macho yake.

Kwa asiyeujua mchezo huu: watu nane, kwa mfano, wanachagua wachezaji wa kweli kwa zamu, mpaka kila mmoja awe na 15. Mchezaji aliyechukuliwa na mmoja hawezi kuchukuliwa na mwingine. Zamu ikifika kwa mtu wa nane inarudi nyuma, yeye anachagua mara mbili, halafu wa saba, hivyo hivyo mpaka wa kwanza. Maana yake ni kwamba aliyeanza anapotaja jina lake la pili, wachezaji 14 wamekwisha kwenda. Pointi zinatoka uwanjani: bao la mshambuliaji ni 4, la kiungo ni 5, la beki ni 6, pasi ya bao ni 3, na beki au kipa ambaye timu yake haikufungwa anapata 4 akicheza angalau dakika 60. Aliyekaa benchi mechi nzima anapata sifuri, hata kama klabu yake ilimnunua kwa pesa za kujenga barabara kutoka hapa mpaka Mahagi.

Tuanze na Mohamed Salah, maana ndiye aliyewaumiza wengi. Msimu wa 2024-2025 alifunga mabao 29 na kutoa pasi za bao 18, akamaliza na pointi 344 za fantasi, ambazo hakuna aliyewahi kuzifikisha kabla yake. Msimu uliofuata, kwenye ile fantasi ya kununua wachezaji kwa milioni 100, bei yake ya kuanzia ikapandishwa hadi milioni 14.5, kuliko mtu yeyote. Kila kikundi kikaona zamu ya kwanza haina mjadala. Lakini mtu mwenye miaka 33, ametoka kwenye msimu bora wa maisha yake, timu imebadilisha washambuliaji karibu wote, na Kombe la Afrika linamngoja Morocco kuanzia tarehe 21 Desemba: huyo ataongeza nini juu ya 344? Njia iliyobaki ilikuwa ya kushuka tu. Mwisho wa Novemba 2025 kocha wake alimweka benchi dhidi ya West Ham, na mechi zilizofuata pia hakuanza. Halafu akaenda kwenye CAN. Waliomchukua kwanza walikuwa wamelipia mabao ya mwaka uliopita, na mabao hayo yalikwisha kuhesabiwa.

Mtu atasema Salah alikuwa ajali. Basi tumwangalie Cole Palmer. Mwaka 2023 alikuwa kijana wa milioni 5.0, hakuna aliyegombana juu yake, na akafunga mabao 22. Mwaka uliofuata alianza kwa milioni 10.5, kila mtu anamtaka. Kutoka katikati ya Januari 2025 hadi tarehe 4 Mei hakufunga bao hata moja kwenye ligi. Mchezaji ni yule yule na mguu ni ule ule. Aliyefaidika ni aliyemchukua kabla ya jina kuwa jina.

Alexander Isak naye aliondoka Newcastle akiwa na mabao 23 ya msimu mmoja, Liverpool ikamlipia pauni milioni 125. Alifika siku ya mwisho ya soko, bila maandalizi ya msimu. Bao lake la kwanza la ligi akiwa na Liverpool lilikuja tarehe 30 Novemba. Tarehe 20 Desemba alivunjika mguu.

Sasa tufike mahali ambapo maneno yanakuwa makali hapa kwetu: Yoane Wissa.

Agosti 2025 ukithubutu kusema mbele ya watu kwamba Wissa asichukuliwe mapema, unaitwa msaliti. Ni mtoto wetu, ni Leopards, alikuwa amefunga mabao 19 Brentford msimu uliopita. Yote ni kweli. Lakini vilevile ilikuwa wazi kwamba anataka kuondoka Brentford na kwamba klabu haikuwa imekubali. Mechi za kwanza za msimu hakucheza. Akahamia Newcastle siku ya mwisho ya soko. Siku nane baadaye, tarehe 9 Septemba, Stade des Martyrs, Kinshasa, alifunga dhidi ya Senegal, akaumia goti katika mechi ile ile ambayo tuliongoza 2-0 na kupoteza 3-2. Mechi yake ya kwanza na Newcastle ilikuwa tarehe 6 Desemba. Aliyempa zamu ya kwanza au ya pili alibeba sifuri kuanzia katikati ya Agosti mpaka siku hiyo.

Goti hakuna aliyeweza kulitabiri, na Wissa aliumia akiitumikia nchi. Wa kumlaumu hayupo. Lakini ugomvi na klabu kila mtu aliusikia. Mtu anaweza kuvaa jezi ya Leopards, akalia siku ya Senegal, na bado akamngoja Wissa hadi zamu ya tano au ya sita. Mapenzi kwa timu ya taifa hayapungui kwa hilo. Wanaowatukana vijana wanaofanya hesabu waache.

Kuna watu wanaumia zaidi kwa kosa hili, na ndiyo sababu jambo hili linastahili kelele. Kijana wa mjini mwenye simu nzuri na mega za kutosha akikosea, Jumanne anamtoa majeruhi na kuchukua mchezaji ambaye bado yuko huru. Kosa lake linadumu siku tatu. Kijana aliyekimbia vita na familia yake, anayeishi kambini Kigonze, anashiriki kwa simu ya kuazima au kwa jina lililoandikwa kwenye daftari la rafiki. Pesa ya mega ikipatikana, kuna unga wa kununua kwanza. Timu aliyoichagua Agosti ndiyo atakayobaki nayo wiki nyingi, na wale wazuri waliokuwa huru wanamalizwa na wenzake kabla hajapata habari. Mchezo wenyewe hauna malipo, lakini kuna vikundi vinavyochanga, na mchango wake ni sawa na wa wenzake. Jina kubwa lenye mashaka, yeye hawezi kulimudu.

Na redio nazo zina sehemu yao. Mkimbizi asiye na televisheni anachagua kwa masikio. Mtangazaji anataja jina la nyota mara kumi: amekosa, ameanguka, amelalamika kwa refa, kocha amemtoa. Msikilizaji anabaki na jina, wala hakuna aliyemwambia kwamba nyota huyo hakupiga hata shuti moja golini. Msimu wa 2024-2025 Erling Haaland alikuwa na bei ya milioni 15.0 na alifunga mabao 22. Chris Wood wa Nottingham Forest alianza kwa milioni 6.0 na akafunga 20. Bryan Mbeumo, Mkameruni aliyekuwa Brentford, alianza kwa 7.0 na akafunga 20 vilevile. Ni mara ngapi jina la Wood lilisikika kwenye habari za michezo hapa mjini?

Haaland mwenyewe si mfano wa kukimbiwa. Msimu wake wa kwanza alifunga 36, na aliyemshika mapema hakujuta. Swali la kuuliza juu ya mtu wa zamu ya kwanza ni hili: anacheza kila wiki? Anapiga penalti? Yuko klabu ile ile, na kocha yule yule? Anatoka kwenye jeraha? CAN itamwondoa? Wawili watatu wakilingana, basi hapo jina lisaidie. Makipa waachwe mpaka mwisho. Tofauti yao ni ndogo na wanaochagua kipa zamu ya tatu wanachekesha. Mabeki wa kati wanaookoa mipira mingi wasidharauliwe tena, kwa sababu tangu 2025 beki anayefikisha vitendo kumi vya ulinzi kwenye mechi anapewa pointi 2.

Wenye vikundi nao wana kazi. Wanaoshika madaftari wapokee mabadiliko kwa ujumbe wa kawaida au kwa mdomo hadi Ijumaa jioni, na mchezaji aliyebaki huru asitolewe kwa mtu yeyote kabla ya siku hiyo. Kisha aliye mkiani achague kwanza. Mwenye mega atalalamika. Alalamike, lakini angoje Ijumaa kama yule wa Kigonze.