Kinyama Kidogo, Mashine Kubwa

Tangu Serikali ya Tanzania itumie mkopo wa Sh1.3 trilioni wa mwaka 2021 kununua, pamoja na mengine, mashine 29 za CT-scan kwa hospitali za rufaa za mikoa, majukwaani tunahesabiwa mashine. Ni njema, hasa kwa aliyeanguka na bodaboda akapasuka kichwa. Lakini kuzifanya ndizo uchunguzi wenyewe ni kujidanganya, na watu wa wilaya za mbali kama Mbulu na Hanang ndio wanaolipia.

Tazama saratani ya limfoma ya ndani ya mishipa ya damu, iliyoelezwa na Pfleger na Tappeiner mwaka 1959. Seli zake aghalabu hazifanyi uvimbe. Hunasa kwenye vimishipa vya ubongo, ngozi na mapafu, zikaviziba. Mgonjwa ana homa isiyokatika, anakonda, anaanza kuchanganyikiwa, na shingoni wala kwapani hana mitoki. Ni rahisi atibiwe malaria, kisha taifodi, kisha brusela kwa kuwa anafuga. Kubahatisha huko kumepimwa: kati ya wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi mwaka 2007 na 2008, asilimia 60.7 waliandikiwa malaria. Waliougua malaria kweli ni asilimia 1.6.

Akiingizwa kwenye CT-scan, picha yaweza kutoka safi kabisa. Kinachoufichua ugonjwa huu ni kinyama: kipande cha ngozi na mafuta yake ya chini, kikatwe pajani au tumboni hata kama ngozi haina doa. Ganzi, kisu, chupa ya fomalini, dakika chache. Anatakiwa daktari mwenye shaka, ambaye kimeng'enya cha LDH kilichopanda mno kwenye damu bila sababu kitamshtua, na maabara ya patholojia yenye rangi za kutambua CD20, protini iliyo juu ya seli hizo. Hakuna kiongozi aliyewahi kukata utepe wa chupa ya fomalini.

Tutaambiwa ugonjwa ni adimu. Ni kweli, kwa mwaka haumpati hata mmoja kati ya watu milioni. Ila kinyama ndicho pia kinachotenganisha limfoma za kawaida na kifua kikuu cha mitoki. Tutaambiwa dawa ni ghali, ilhali ritaksimabu, dawa ya limfoma hii, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO tangu 2015. Tutaambiwa mabingwa wa patholojia ni wachache. Basi isafiri chupa, abaki mgonjwa! Hapo ndipo uvumilivu unapokwisha. Desemba 1963 kinyama cha mtoto mwenye saratani ya Burkitt kilipanda ndege kutoka Uganda kwenda London. Ukungu ukaielekeza ndege Manchester, na bado kikamfikia mtafiti Epstein, ambaye mwaka 1964 alitangaza kirusi kinachobeba jina lake. Miaka sitini baadaye tunamtoa mzee mwenye homa Haydom, tunampakia garini na mablanketi, ndugu wawili na barua ya rufaa, akafuate darubini Moshi. Mabasi ya njia hiyo hubeba vifurushi vya watu kila siku, na kifurushi hakihitaji kiti.