Mng'aro Si Kipimo cha Metali

Mnunuzi wa bangili au sinia huvutiwa kwanza na rangi. Akiambiwa kwamba kitu hicho ni cha dhahabu ya kuchovya au kimepakwa kromi, hutoa fedha yake akaondoka. Swali lililo muhimu zaidi haliulizwi: je, kitu hicho kitagusa ngozi, chakula, au mvua?

Tangu mwaka 1840, akina Elkington wa Birmingham, Uingereza, walipopata hataza ya kupaka dhahabu na fedha kwa umeme, mapambo ya bei nafuu yameenea duniani. Lakini utando wa dhahabu katika mapambo hayo mara nyingi haufiki sehemu ya elfu moja ya milimita, na aghalabu chini yake pana nikeli. Dhahabu ikilika, jasho huyeyusha nikeli kidogo kidogo, na baadhi ya watu hupata upele unaowarudia kila waigusapo. Ndiyo sababu mwaka 1994 Umoja wa Ulaya uliweka mpaka wa nikeli inayoweza kutoka katika mapambo yanayokaa mwilini. Mtu wa namna hiyo yampasa kuchagua fedha halisi. Fedha huingia weusi kwa sababu ya salfa iliyo hewani, ila weusi huo hufutika. Upele haufutiki kwa kitambaa.

Vyombo vya nyumbani navyo vina sheria yake. Chuma kilichopakwa zinki hustahimili mvua hata kikikwaruzwa, kwa kuwa zinki huliwa kabla ya chuma. Utando wa stani ukipasuka, chuma kilicho chini hushika kutu upesi zaidi. Je, basi zinki ni bora daima? Kwa paa, naam. Kwa maji ya ndimu, la hasha. Asidi huyeyusha zinki, na anywaye maji hayo huweza kutapika. Sufuria ya shaba, kwa upande wake, hufaa kutiwa stani ndani, na kutiwa upya inapochakaa.

Shuleni, orodha ya metali kwa nguvu ya utendaji wake hukaririwa kwa ajili ya mtihani. Yafaa ifundishwe kama elimu ya kuchagua. Kipande cha zinki ndani ya maji ya ndimu hutoa viputo vya haidrojeni mbele ya macho ya darasa zima. Mwanafunzi aliyeviona viputo hivyo hataiacha ndoo ya mabati itumike kutengenezea sharubati nyumbani kwao.