Mchezaji wa Chuo na Deni la Siri

Mpira wa miguu unapendwa Garissa kama upendwavyo Mombasa na Kisumu, ila huko una saa zake. Mchana jua ni kali hata mbuzi hutafuta kivuli, basi vijana hungoja alasiri, na adhana ya magharibi isikiwapo ndipo mpira hukoma. Katika muda huo mfupi huonekana vijana wenye mbio na akili ya mchezo ambao, lau wangalikaa karibu na Nairobi, wangalikwisha kuitwa na klabu fulani kwa majaribio. Timu ya vijana ya Berlin, ya hapo Garissa, imepata kuliwakilisha eneo la kaskazini mashariki katika mashindano ya taifa ya Chapa Dimba. Na katika Chuo Kikuu cha Garissa, kilichofungwa baada ya mauaji ya tarehe 2 Aprili 2015, kikafunguliwa tena Januari 2016, na kupewa hadhi kamili ya chuo kikuu mwaka 2017, wanafunzi hucheza jioni kama wachezavyo wanafunzi wa mahali po pote.

Walakini njia ya mchezaji wa huko ni nyembamba. Kutoka Garissa mpaka Nairobi ni mwendo wa kilometa 370 hivi, wala hakuna klabu ya ligi kuu ya Kenya yenye makao yake Garissa, Wajir au Mandera. Mtu wa klabu hawezi kuja kila Jumamosi kumtazama kijana mmoja. Huenda akaja mara moja, na huenda asije kabisa, bali akampigia simu kocha na kumwuliza mambo mawili: kijana huyu anacheza namna gani, na ni mtu wa namna gani? Swali la kwanza kijana hulijibu kwa miguu yake. La pili hujibiwa na watu wengine, naye hayupo. Kwa mchezaji anayetoka mbali, jina jema ndiyo mali yake yote, na mali hiyo ndiyo inayoliwa na kamari.

Zamani kamari ilikuwa vigumu kufichwa katika mji kama Garissa. Wakaaji wengi ni Waislamu, na Kurani, katika sura ya Maida, inaitaja kamari pamoja na ulevi miongoni mwa mambo ya kuepukwa. Kijana aliyeonekana akiingia mahali pa kamari angaliweza kuwa na hakika kwamba habari zitamfikia mjomba wake kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Aibu hiyo ilikuwa ukuta. Simu imeuvunja. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na tangu mwaka 2014 makampuni ya kubeti kwa simu yakaenea Kenya nzima, SportPesa ikitangulia. Leo kijana hulala chali bwenini, taa imezimwa, wenzake wakidhani anawaandikia wazazi, kumbe anaweka shilingi 50 juu ya timu za Uhispania ambazo hajapata kuziona. Asubuhi huswali pamoja na wenziwe kama kawaida. Hakuna ajuaye.

Mchezaji wa mpira ana hatari moja ambayo karani au mkulima hana, nayo ni kujidhania mjuzi. Huona kwamba wengine wanabahatisha, lakini yeye anaufahamu mchezo: anajua beki gani ameumia, na timu gani hucheza vibaya ugenini. Hayo yote kampuni inayajua pia, tena ina watu wa kuyapiga hesabu mchana na usiku, nayo imekwisha kuyatia katika bei. Hesabu yenyewe si ngumu, na mwalimu wa darasa la saba aweza kuifanya ubaoni. Mchezo ulio nusu kwa nusu ungestahili kulipa shilingi 200 kwa kila shilingi 100. Tuseme kampuni hulipa 185. Anayecheza mara mia ametoa shilingi 10,000 na, kwa wastani, atarudishiwa 9,250. Hasara hiyo yaonekana ndogo. Lakini vijana hawapendi mchezo mmoja mmoja. Hupenda kuunganisha michezo kumi katika kile wakiitacho mkeka, ili shilingi chache zizae maelfu. Katika mkeka wa michezo kumi ya namna hiyo nafasi ya kushinda ni moja katika 1,024, na malipo hayafiki nusu ya yale ambayo yangekuwa ya haki. Zile zawadi kuu za kubashiri michezo 17 ni mbali zaidi. Kila mchezo una matokeo matatu, kwa hiyo njia za kuijaza karatasi hiyo ni zaidi ya milioni 129. Mwaka 2017 Mkenya mmoja alishinda shilingi milioni 221 kwa njia hiyo, na picha yake ikaonekana kila mahali. Walioshindwa juma lile hawakupigwa picha.

Tena kuna ule mchezo wa kindege kinachopaa katika kioo cha simu, ambao kujua mpira hakufai kitu ndani yake. Hudumu nusu dakika, kisha huanza tena, usiku kucha.

Msomaji na amfikirie kijana wa mwaka wa pili, beki wa kushoto, anayesomea ualimu. Huyu ni mfano tu, wala si mtu fulani, lakini kila hatua yake yatambulikana kwa wanaoishi na wanafunzi. Anaanza na shilingi 50, na kwa bahati mbaya anashinda 1,800. Laiti angalishindwa siku ile! Juma la pili anaweka 200. Muhula mpya unapoanza, pesa za Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu zinaingia, zile zilizokusudiwa chakula na vitabu, naye anajiambia kwamba atachukua elfu mbili tu na kuzirudisha Jumapili. Jumapili hazipo. Anatumia Fuliza, ile huduma ya mkopo wa simu iliyoanza mwaka 2019, kununua chakula. Anakopa kwa wenzake wa timu, kila mmoja akipewa sababu yake: kwa huyu mama ni mgonjwa, kwa yule kitabu kimepotea. Michezo ya Ulaya humalizika karibu na usiku wa manane, naye hawezi kulala kabla ya kujua matokeo. Mazoezini anachelewa nusu hatua. Kwa beki wa kushoto, nusu hatua ndiyo tofauti ya kuuwahi mpira na kumwangusha mtu.

Kocha huona, lakini haoni sababu. Hudhani ni miraa, au mapenzi, au malaria. Kijana naye hawezi kusema. Kumwambia imamu ni aibu, kumwambia baba aliyeuza ngamia ili amlipie karo ni aibu kubwa zaidi, na wenzake ndio wanaomdai. Wazee husema mficha uchi hazai. Hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko hasara ya fedha, kwa sababu mtu mwenye deni la siri humtafuta wa kumwokoa kwa siri, na watu wa namna hiyo wapo.

Kwa kawaida mechi za vyuo hazimo katika orodha za kamari. Kijana akifaulu kuingia klabu ya ligi ya chini, deni humfuata huko, na huko malipo ni madogo, na mechi huanza kuwa na thamani kwa watu wa mbali. Anayekuja kumshawishi haji na gunia la fedha, wala hasemi, “Tuuzie mchezo.” Hutuma salamu. Huuliza nani ameumia. Humtumia nauli. Baadaye huomba jambo dogo, mathalan kadi moja ya njano kabla ya mapumziko, ambayo haimpotezei mtu mechi. Akiisha kuipokea fedha hiyo, kijana hana tena uwezo wa kukataa jambo la pili, kwa kuwa yule mtu anajua la kwanza.

Mambo haya yamekwisha kutokea Kenya. Aprili 2019 FIFA ilimfungia George Owino, aliyekuwa beki wa timu ya taifa, miaka 10, na kumtoza faranga 15,000 za Uswisi, kwa kushirikiana na Wilson Raj Perumal wa Singapore katika kupanga matokeo ya mechi za kimataifa. Mawasiliano yao yalikuwa ya kati ya mwaka 2009 na 2011. Perumal alikamatwa Finland mwaka 2011, na maneno aliyoandikiana na watu yakabaki. Kwa hiyo beki huyo aliendelea kucheza miaka kadhaa baada ya jambo lile, labda akidhani limezikwa, na hukumu ikaja miaka minane baadaye. Mwaka 2020 FIFA iliwafungia wachezaji wanne waliokuwa Kakamega Homeboyz: mmoja, raia wa Uganda, maisha yake yote, na Wakenya watatu miaka minne kila mmoja. Mwaka 2021 klabu ya Zoo ya Kericho ilitolewa katika ligi kuu kwa sababu ya kupanga matokeo, na wachezaji wasio na hatia wakapoteza kazi pamoja na wenye hatia. Miaka minne kwa karani ni kitu kimoja. Kwa mchezaji wa miaka 22 ni kusema kwamba atarudi akiwa na 26, bila mazoezi, bila klabu, na jina lake likiwa katika orodha inayosomwa dunia nzima.

Tena vijana wengi hawajui kwamba sheria haingoji mtu auze mechi. Kanuni za maadili za FIFA zamkataza mchezaji kucheza kamari juu ya mpira wa miguu wo wote, si mechi yake tu. Yule anayeweka shilingi 50 juu ya timu za Uhispania, siku atakapoandikishwa katika klabu, amekwisha kuwa na mazoea ya kuvunja kanuni. Kuna jambo la kustaajabisha hapa, nalo lastahili kusemwa waziwazi: mchezo unaowakataza wachezaji kamari umekuwa ukila katika sahani ya kamari. Gor Mahia na AFC Leopards zilivaa jina la SportPesa mpaka kampuni hiyo iliposimamisha kazi Kenya mwaka 2019, na klabu hizo zikabaki zikihangaikia mishahara. Huko Uingereza, Ivan Toney alifungiwa miezi minane Mei 2023 kwa makosa 232 ya kamari, naye alikuwa akiichezea Brentford, ambayo fulana yake ilibeba jina la kampuni ya kubeti. Kijana wa Garissa akiona hayo akasema wakubwa wanamchezea shere, hatakuwa amekosea sana. Lakini atakayefungiwa ni yeye, si fulana.

Habari ya Toney ina upande mwingine. Wahukumu walianza na miezi 15. Wakapunguza hadi 11 kwa kuwa alikiri, na wakapunguza mitatu tena baada ya mganga kuthibitisha kwamba kamari imekuwa ugonjwa kwake. Oktoba mwaka huohuo Sandro Tonali, Mwitalia wa Newcastle, alihukumiwa miezi 18, nayo minane ikageuzwa kuwa matibabu na kwenda kuzungumza na vijana. Aliikosa michuano ya mataifa ya Ulaya ya mwaka 2024. Agosti mwaka huo akarudi uwanjani, na Machi 2025 alikuwamo katika timu ya Newcastle iliyotwaa Kombe la Ligi pale Wembley. Hao ni matajiri wenye mawakili na waganga, na mwanafunzi wa Garissa hana hata mmoja. Ila kilichowaokoa kwanza hakikuwa wakili. Ni kule kusema kabla mambo hayajawashinda kabisa, na kukuta watu wanaoliita jambo hilo ugonjwa pamoja na kuliita kosa.

Kwa hiyo wa kuangaliwa si kijana peke yake. Mjomba ambaye, akisikia habari ya kamari, atakachofanya ni kumtukana mbele ya watu na kumkatia nauli, amemfundisha mpwa wake kuficha vizuri zaidi. Afadhali amwulize deni ni kiasi gani na anadaiwa na nani, kisha wakae wote wawili na mshauri wa wanafunzi. Kocha naye afanya vema akiwa na desturi ya kuuliza habari za fedha kama aulizavyo habari za goti. Zipo timu ambazo huweka posho za safari kwa mshika fedha mpaka siku ya mechi. Si dawa, lakini huupunguza usiku mmoja wa majaribu. Kijana mwenyewe aweza kuitaka kampuni iifunge akaunti yake, na kuwapa wazazi kazi ya kupokea fedha za mkopo kwa muhula mmoja.

Na iwapo ujumbe wa yule mtu wa mbali umekwisha kufika, kanuni za FIFA zadai mchezaji autoe mara moja, kwani aliyeombwa kuharibu mchezo akanyamaza amefanya kosa hata kama alikataa. Ujumbe huo usifutwe. Upelekwe kwa kocha na kwa viongozi wa mpira siku ileile, ukiwa na namba iliyoutuma na saa ulipoingia.