Kupenda Kusoma Si Kipaji

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, kila ukoo hugeuka ofisi ya ushauri wa ajira. Mjomba anapiga simu kutoka Mwanza, shangazi anatuma sauti WhatsApp, jirani naye anachungulia: kapata ngapi? Atachukua tahasusi gani? Kama mtoto ana alama za Fizikia, mjadala unaishia hapo. Kama hana, ila Kiswahili kakifaulu vizuri, basi hukumu inatolewa kwa sauti ya msibani: "Aende tu HKL." Hilo "tu" ndilo ninalotaka kugombana nalo leo. Lakini sitagombana na mjomba peke yake. Nitagombana na sisi pia, tunaojiita wapenzi wa fasihi.

Kosa la mjomba linajulikana. Anadhani somo ndiyo kazi. PCB ni daktari, PCM ni injinia, HKL ni mwalimu asiye na ajira. Mwaka 2024 serikali ilipanua orodha ya tahasusi hadi 65, lakini kichwani mwa mjomba bado ziko hizo tatu. Matokeo yake mtoto wa miaka 17 anajifunza kujipima kwa kile alichokikosa. Muulize uwezo wake ni upi, atakwambia, "Mimi hesabu zinanipiga chenga." Hapo hajajibu swali. Amekueleza anachoshindwa.

Sasa tuje kwetu. Dawa yetu sisi ni ipi? "Fuata ndoto yako." "Kipaji chako ndiyo ajira yako." Tunabandika maneno hayo juu ya picha ya machweo, watu wanatuma vimoyo, tunalala. Ni ushauri wa mtu ambaye hatakuwepo siku kijana anapoanza kukatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo wa elimu ya juu, wala siku anapoutafuta huo mshahara wa kukatwa asiuone.

Hata historia ya fasihi yetu haituungi mkono. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926 akiwa karani, akabaki huko hadi 1944, kisha akaendelea na ukarani katika ofisi nyingine za serikali ya kikoloni. Muhammed Said Abdulla, aliyetuletea Bwana Msa, alifanya kazi idara ya afya Zanzibar kabla ya kuwa mhariri wa magazeti. Abdulrazak Gurnah alifanya kazi hospitalini Uingereza akiwa kijana, baadaye akafundisha chuo kikuu miaka mingi, na Nobel ya 2021 ilimkuta ameshastaafu. Hakuna hata mmoja aliyekaa akingoja riwaya imlipie kodi ya nyumba. Maisha yao yanatenganisha mambo mawili ambayo sisi tunayachanganya kila siku: kile ninachokipenda, na kile ninachoweza kumfanyia mtu mwingine hadi akakubali kunilipa.

Hapo ndipo wanafunzi wetu wanapokwama. Kwenye chumba cha habari tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo kila mwaka. Barua zao zinafanana kama sare: "Mimi ni kijana ninayejituma, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza, ninayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Ukimuuliza ana kwa ana, "Haya mdogo wangu, unaweza kufanya nini?", anatabasamu: "Napenda sana kusoma." Jamani. Kupenda kusoma si kipaji. Mimi napenda wali wa nazi, na hilo halijanifanya mpishi. Uwezo ni kitu unachokifanya kikaonekana, na mtu mwingine akaweza kusema umekifanya vizuri au vibaya.

Kinachoniuma ni kwamba wengi wao wanao huo uwezo, ila hawajui unaitwaje. Mpe kijana huyohuyo taarifa ya halmashauri yenye kurasa 12. Anafika ukurasa wa tisa, anainua kichwa: "Mbona hapa wanasema tofauti na ukurasa wa pili?" Hiyo ndiyo kazi ya mhariri na ya mtafiti, na mazoezi yake ameyapata kwa kufuatilia wasimulizi waongo kwenye riwaya. Mwingine anaandika mazungumzo, na bila kutajiwa jina unajua hapa anasema mkwe, hapa anasema mama mkwe. Hilo nalo lina soko. Tamthilia ya Kichina *Dou Dou na Mama Wakwe Zake* ilirushwa TBC mwaka 2011 ikiongea Kiswahili, na baada yake tumeona za Kituruki nazo zikiwekewa sauti zetu. Kuna mtu aliketi akaamua mama mkwe wa Kichina akikasirika aseme nini hadi mtu wa Tandika acheke. Mwaka 2021 sheria ilifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha yake ya kazi. Sheria, mikataba, hotuba, vyote vinamtaka mtu anayejua neno moja likihamishwa vibaya nani ataumia.

Kwa nini basi mwanafunzi hajijui? Kwa sababu somo letu la fasihi halimpi nafasi ya kujiona akifanya kazi. Tunamtaka ajadili dhamira, hoja tatu kutoka kila kitabu. Ananunua kijitabu cha uchambuzi, anakariri, anamwaga, anapata A. Riwaya yenyewe hajaifungua. Halafu tunashangaa hajui kama yeye ni mhariri au mtafsiri. Atajuaje, na hajawahi kuhariri hata ukurasa mmoja?

Walimu watanijibu kwamba madarasa yamejaa na mtihani ni uleule. Kweli kabisa. Lakini ninachokisema hakihitaji bajeti. Waambie wafupishe sura ya kurasa 20 iwe ukurasa mmoja bila kupoteza kisa. Wape shairi uliloliharibu mizani kwa makusudi, waseme ni mshororo gani unaochechemea. Wahamishe mazungumzo ya Kiingereza yawe Kiswahili cha mtaani kwao. Fanyeni hivyo muhula mmoja, na mtajua nani anaweza nini. Mtajua pia nani hawezi, na hilo lina faida yake. Yupo atakayegundua kwamba riwaya anazipenda ila mkono wake uko kwenye hesabu za duka. Heri alijue kidato cha tano kuliko mwaka wa tatu chuoni.

Na wewe mwanafunzi, usimsubiri mwalimu. Angalia watu wanakurudia kwa lipi. Darasa likitaka kumwandikia mkuu wa shule, kalamu inakabidhiwa nani? Nani akisimulia filamu, hata walioiona wanasogeza viti? Nani hutumwa kuongea na watu waliogombana? Kama ni wewe, andika: nilifanya nini, kwa ajili ya nani, na kilileta nini. Ukifika mambo kumi, yasome bila kujionea huruma. Jambo likijirudia mara tatu au nne, hapo pana kitu. Orodha hiyo, hata ikiwa kwenye daftari la kuchakaa, itakusaidia kuliko ukurasa mzima wa "ninajituma".

Sisi wengine nasi tuache kuitetea fasihi kwa maneno matamu, eti inapanua mawazo, inajenga utu. Huenda ni kweli, lakini mjomba wa Mwanza hakuuliza hivyo. Ameuliza mtoto atakula nini, na hilo ni swali la heshima, linaulizwa na mtu anayejua ada ilitoka wapi. Basi kila anayeishi kwa maneno, awe mhariri, mkalimani au mwandishi wa matangazo, amtafute kijana mmoja kwenye ukoo wake amwambie bila mapambo: Jumatatu asubuhi nafanya hiki, nalipwa kwa sababu ya hiki, na nilikijulia hapa. Amtajie na mshahara, ikibidi. Tukishindwa kusema hata hayo, lile "tu" litaendelea kutamkwa, na hatutakuwa na haki ya kununa.