Picha ikifinywa, haki inapotea

Wandugu wa mine na jamaa zenu, kila mara picha za ajali na za karatasi za mshahara zinatufikia hapa Kalemie kwa WhatsApp, toka Kisengo, toka Manono. Nyingi hazisomeki. Unatafuta tarehe, unaona ukungu tu. Kisha mwajiri anasema: «Hii haionyeshi kitu.»

Shida haiko simu mbovu. Picha ni mzigo mzito, na ili ipite kwa mega kidogo, WhatsApp inaifinya. Njia inayotumika sana ni JPEG, ya tangu 1992. Inakata picha vipande vya nukta 8 kwa 8, halafu inatupa vile jicho haliangalii sana. Jicho letu linatambua mwangaza kuliko rangi, kwa hiyo rangi inapunguzwa zaidi: mara nyingi nukta 4 zinagawana rangi moja. Simu ya anayepokea inajenga picha upya na kile kilichobaki. Sura ya mtoto itaonekana vizuri. Lakini herufi ndogo za kashe nyekundu, ama ufa mwembamba kwenye ukuta wa shimo, vinachanganyika. Kilichotupwa hakirudi.

Wengine wanasema: si kuna programu za kusafisha picha? Sisi tunakataa. Programu ile hairudishi, inakisia. Ikiweka 3 pahali pa 8, mwajiri atasema umeghushi, na utakosa hata haki uliyokuwa nayo.

Tufanye hivi. Usitume kama picha. Bonyeza «Document», kisha chagua faili. Itafika vile iko kwenye simu yako, pamoja na tarehe na saa ya kupigwa, vitu ambavyo njia ya kawaida inaondoa. Ndiyo, itakula mega. Kama mega hakuna, ngoja, ama leta simu yenyewe kwa sendika. Piga picha mbili, moja ya fasi yote, moja ya karibu sana. Na ile ya kwanza usiifute hata kesi ikiisha.

Kwa wakubwa wa kazi tunasema pia: malalamiko ya mfanyakazi yasitupwe juu ya ukungu. Code du travail ya 2002 inamlazimisha mwajiri kutoa hesabu ya maandishi kila anapolipa. Basi hesabu anayo. Picha yetu ikiwa haisomeki, aitoe yake, tusome pamoja mbele ya Inspection du Travail.